Kazi ni ya Wote, Uamuzi ni wa Nani? Ubatizo na Uongozi wa Kanisa Eastlands

Katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, ambayo chimbuko lake ni mwaka wa 1926, mtoto akizaliwa akiwa hoi sheria ya Kanisa Katoliki haimsubiri padre. Kanuni ya 861 ya Sheria za Kanisa za mwaka wa 1983 inasema kwamba wakati wa dharura mtu yeyote mwenye nia ifaayo anaweza kubatiza. Muuguzi anachota maji, anayamimina kichwani mwa mtoto, anataja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, basi. Si lazima awe mtawa, wala si lazima awe Mkatoliki. Hata mkunga Mwislamu kutoka Majengo, akikusudia kufanya lile ambalo Kanisa hukusudia, ubatizo wake ni halali sawasawa na ule wa askofu mkuu ndani ya Basilika ya Familia Takatifu.

Kanisa lililoruhusu mlango wake mkuu ufunguliwe na mtu yeyote limepata tabu kueleza kwa nini vyumba vya ndani vina funguo chache namna ile. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulijaribu kueleza. Hati yake kuhusu Kanisa, Lumen Gentium, ya Novemba 1964, ilisema kuwa waliobatizwa wote wanashiriki ukuhani, unabii na ufalme wa Kristo, na kwamba mlei anatumwa na Bwana mwenyewe kwa ubatizo na kipaimara. Hapo iliacha nyuma mafundisho ya kizazi kilichotangulia, yaliyomwona mlei kuwa mkono wa askofu mahali ambapo askofu hawezi kufika. Hati hiyohiyo ikaongeza kuwa ukuhani wa waamini na ukuhani wa daraja hutofautiana kwa asili, si kwa kiwango tu, ingawa umewekwa mmoja kwa ajili ya mwingine. Tangu hapo kila upande umekuwa ukinukuu nusu inayoufaa.

Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii, kwa kuwa huku utume wa pamoja haukuanzia vitabuni. Nionavyo, baada ya nusu karne ya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, mitaa ya Eastlands imefaulu kugawana kazi na imeshindwa kugawana uamuzi. Na pale walei walipopewa mamlaka kidogo, mara nyingi wamejifunza ule upande wa upadre ambao Mtaguso ulitaka upungue.

Mitaa yenyewe ilijengwa bila kufikiria parokia. Serikali ya kikoloni ilianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wakae mbali na mji, kisha ikafuata Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na mingineyo, vyumba vya wafanyakazi waliotazamiwa kurudi kwao nguvu zikiisha. Waliokuja walikuja na dini zao. Kati yao walikuwamo ndugu wa Uamsho, vuguvugu lililotoka Gahini nchini Rwanda na kuingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930. Uamsho ulikuwa mali ya walei. Katika ushirika wao karani na mke wa mchungaji na mchungaji mwenyewe waliketi pamoja, wakaungama hadharani, na asiye na kola aliweza kumwambia mwenye kola kwamba hatembei nuruni. Hakuna sinodi ya Kianglikana iliyowahi kuipitisha desturi hiyo kama kanuni, lakini wengi waliokuja kuwa wazee wa kanisa na maaskofu walilelewa katika ushirika huo.

Upande wa Wakatoliki jambo hilo lililipuka kwa namna nyingine. Mwaka wa 1963, mwaka mmoja kabla ya Lumen Gentium kutiwa sahihi, Gaudencia Aoko, mama kijana wa Nyanza aliyekuwa amefiwa na watoto wawili, alianza kuhubiri na kubatiza makundi makubwa ya watu. Yeye na Simeo Ondeto ndio waliotajwa zaidi wakati Legio Maria ilipojitenga na Kanisa Katoliki. Kanisa jipya nalo likajipatia maaskofu na makardinali wake, upadre ukabaki wa wanaume, na Aoko akasukumwa pembeni mpaka akaondoka. Legio imefika Nairobi pamoja na watu wake, na kanzu zake huonekana Eastlands kila Jumapili. Kisa cha Aoko kinastahili kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba habari ya huduma ya walei ililetwa na wanateolojia wa Ulaya.

Maaskofu wa kanda hii waliokutana katika AMECEA, shirikisho lao lililoundwa mwaka wa 1961, waliliona pengo hilo la huduma ya walei. Katika mkutano wao mkuu wa Nairobi wa mwaka wa 1973 waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo za majirani, na mwaka wa 1976, papa hapa Nairobi, wakaufanya uamuzi huo kuwa mada nzima ya mkutano. Katikati ya mikutano hiyo miwili, mwishoni mwa mwaka wa 1975, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu wa tano katika jumba la KICC. Rasimu kuhusu ubatizo, ekaristi na huduma ilipelekwa kwa makanisa ili yaijibu, na baadaye ikakamilishwa Lima, Peru, mwaka wa 1982. Katika sehemu yake kuhusu huduma, hati ya Lima inaanza na wito wa watu wote wa Mungu, ndipo inapofikia wachungaji. Mwendo wa kilomita chache kutoka KICC, Dandora ilikuwa inapimwa viwanja kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Buruburu ilikuwa inapanda awamu kwa awamu. Watu waliohamia huko ndio waliotakiwa kuyafanya maneno hayo yawe na nyumba.

Na wameyafanya. Chukua jumuiya yoyote ya Holy Trinity Buruburu, Divine Word Kayole, Holy Cross Dandora au Assumption Umoja. Majirani hukutana mara moja kwa juma, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Husomwa Injili ya Jumapili inayokuja, mara nyingi kwa ile njia ya hatua saba iliyobuniwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia neno lililomgusa mtu, kunyamaza, kushirikishana, kuangalia kazi iliyo mbele, kusali. Hatua ya sita ndiyo roho ya jumuiya. Hapo ndipo inapojulikana kwamba mama wa mlango wa tatu ametoka hospitalini na hana wa kumpikia, kwamba kijana fulani amekamatwa, kwamba familia moja imefungiwa nyumba kwa kodi ya miezi miwili. Wakati wa Kwaresima vijitabu vya kampeni ya Tume ya Haki na Amani huleta mezani mambo ya ufisadi, ardhi, uchaguzi na maji, na watu ambao hawangeitwa kamwe kwenye semina ya hotelini huyajadili kwa Kiswahili chao cha mtaani.

Msiba ndio unaoonyesha uzito wa kazi hii. Mtu akifa Umoja, mara nyingi atazikwa mbali, Siaya au Kitui au Nyeri. Katikati kuna usiku kadhaa wa matanga, bili ya hospitali, mochari, jeneza na gari. Jumuiya huongoza sala kila jioni, huchanga, huteua watakaosindikiza mwili. Padre hufika mara moja, pengine mara mbili. Hiyo si lawama kwa padre, kwa sababu parokia za huku zina maelfu ya waumini na mapadre wawili au watatu. Ila tuseme ukweli: faraja ya Kanisa kwa mfiwa wa Eastlands, kwa sehemu kubwa, hutolewa na walei, na katika walei, na akina mama. Wanaume wapo kwenye orodha. Mkutano ukiwekwa Jumapili jioni hushindana na mechi za Uingereza, na sijaona jumuiya iliyoshinda mashindano hayo.

Nguvu hii haiko sawa kila mahali. Kadiri lango la mtaa linavyokuwa na walinzi wengi, ndivyo jumuiya inavyokonda. Kwenye vyumba vya kupanga vya Kayole jirani anajulikana upende usipende, ilhali kwenye maisoneti za Komarock na Donholm mwaliko hutumwa kwa WhatsApp na jibu ni alama ya mikono iliyokunjwa. Mwaka wa 2020 makanisa yalipofungwa, kisha yakafunguliwa Julai kwa watu wasiozidi mia moja kwa saa moja, bila watoto wa chini ya miaka 13 na wazee wa zaidi ya 58, ilionekana wazi parokia zipi zilikuwa na jumuiya za kweli na zipi zilikuwa na orodha tu.

Kuna jaribio jingine gumu zaidi. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliingia Mathare, Huruma, Korogocho na Dandora, mitaa yenye parokia hai na jumuiya nyingi. Kwenye Sinodi ya Afrika ya mwaka wa 1994, Askofu Albert Obiefuna wa Nigeria alikuwa ametahadharisha kwamba kwa Waafrika wengi damu ya kabila ni nzito kuliko maji ya ubatizo. Wakati huohuo mauaji ya kimbari ya Rwanda yalikuwa yanathibitisha maneno hayo kwa njia ya kutisha. Jumuiya ya Eastlands huchanganya makabila kwa sababu ploti huyachanganya, na hiyo ni faida ambayo parokia nyingi za mashambani hazina. Lakini kuchanganyika hakutoshi pale ambapo uongozi wa jumuiya, mwaka hadi mwaka, unajulikana ni wa watu wa upande gani.

Sasa kuna ile barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Katika parokia nyingi za Nairobi, anayetaka mtoto wake abatizwe, anayetaka ndoa, na hata familia inayotaka Misa ya mazishi, huanza kwa mwenyekiti wa jumuiya. Mwenyekiti ndiye anayethibitisha kwamba mtu huyu anajulikana, anahudhuria, anashiriki. Utaratibu huu ulizaliwa na sababu nzuri. Kanuni ya 868 inataka pawe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani, na padre asiyemjua mzazi hawezi kulipima tumaini hilo peke yake. Kumwuliza jirani ni jambo la busara, tena ni kukiri kwamba mlei ana sauti katika sakramenti.

Lakini sauti hiyo imeingia kwenye daftari. "Kushiriki" kumekuwa kuhudhuria, kuhudhuria kumekuwa kadi ya zaka na michango iliyolipwa: ya mnara wa kanisa, ya sikukuu ya somo, ya kumuaga padre anayehamishwa. Anayeuza mboga katika soko la Wakulima tangu alfajiri, au mlinzi wa usiku, au binti wa kazi za nyumbani ambaye mwajiri hampi jioni ya mapumziko, hujikuta ana deni la mahudhurio lisilolipika. Sheria haiko upande wa daftari. Kanuni ya 843 inakataza kuwanyima sakramenti wanaoziomba kwa wakati ufaao, wakiwa wamejiandaa na hawana kizuizi cha kisheria. Kanuni ya 848 inataka maskini asikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Papa Fransisko, katika Evangelii Gaudium ya mwaka wa 2013, aliandika kwamba Kanisa si kituo cha kutoza ushuru. Angeambiwa kwamba huku Eastlands watoza ushuru wenyewe ni walei, sidhani kama angeshangaa. Alirudia mara nyingi kwamba ukleri ni ugonjwa ambao walei huuomba na kuulea, na mwaka wa 2016 alimwandikia Kardinali Marc Ouellet kukumbusha kuwa hakuna aliyebatizwa akiwa padre au askofu. Wote waliingia Kanisani kama walei.

Kwa nini mwenyekiti anakuwa mkali kuliko paroko? Jibu langu ni kwamba hilo ndilo eneo pekee alilopewa. Katika bajeti ya parokia hana neno la mwisho. Baraza la parokia, kwa Kanuni ya 536, lina kura ya ushauri tu. Kamati ya fedha ni lazima iwepo kwa Kanuni ya 537, nayo pia ni ya kumsaidia paroko, na Kanuni ya 532 inamfanya paroko kuwa msemaji wa parokia katika mambo yote ya kisheria. Paroko akihamishwa, na huhamishwa bila waumini kuulizwa, baraza lililofanya kazi vizuri miaka mitano linaweza kuvunjwa kwa tangazo moja baada ya Komunyo. Mtu ambaye mamlaka yake yote ni muhuri, atautumia muhuri.

Suala la fedha lilijitokeza hadharani Novemba 2024. Rais William Ruto alihudhuria Misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Eastlands hukuhuku, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto wa utume wa kimisionari, na milioni 2 kwa ujenzi wa nyumba ya padre. Akaahidi milioni 3 nyingine na basi la parokia. Siku iliyofuata, tarehe 18, Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kuwa fedha hizo zitarudishwa na ahadi hizo hazitapokelewa. Nchi ilikuwa imetoka kwenye maandamano ya vijana ya mwezi wa Juni, na siku chache kabla maaskofu walikuwa wameikosoa serikali vikali. Wengi walishangilia, nami naona askofu alikuwa na haki.

Hata hivyo, tukiitazama kadhia ile kwa jicho la ubatizo, kuna jambo halikuzungumzwa sana. Nyumba ile ya padre ni mradi wa waumini. Kwaya ni ya waumini. Mtoaji alikuwa mlei Mkristo mwenye cheo, mpokeaji alikuwa kwaya na watoto, na aliyekataa alikuwa askofu. Kauli rasmi ya jumuiya za Soweto haikuwa na mahali pa kusikika, si wakati wa kupokea wala wakati wa kurudisha. Parokia iliyozoea kukaa na kuamua pamoja ingeweza kukataa yenyewe mlangoni, kabla ya kamera kuwashwa, na kukataa huko kungekuwa na uzito kuliko barua yoyote. Ingeweza pia kukubali na kukosea, na hiyo nayo ni sehemu ya kuwa mtu mzima.

Majirani wa madhehebu mengine wanaweza kusema kuwa wao walishavuka mto huu. Katika St. Stephen's ya Jogoo Road, Mwanglikana mlei ana mwakilishi katika baraza la kanisa lake, na katika sinodi ya dayosisi kuna nyumba ya walei inayopiga kura. Katika PCEA Bahati ya Wapresbiteri, wazee wa kanisa huwekewa mikono na kuamua pamoja na mchungaji katika kikao chao. Kura ni kitu kikubwa, nisiidharau. Ila ukiangalia ni akina nani hupigiwa kura hizo, utakuta mhasibu, mkuu wa shule mstaafu, mwenye ploti. Mama wa Woman's Guild au wa Mothers' Union anayejua kila mgonjwa wa mtaa huo mara nyingi yuko jikoni siku ya kikao. Ubatizo ni mmoja, na wakati wa uteuzi mfuko nao hupewa kiti.

Roma yenyewe imesogea kidogo. Januari 2021 Fransisko aliwafungulia wanawake huduma rasmi za usomaji na utumishi wa altare, ambazo tangu mwaka wa 1972 zilikuwa za wanaume. Mei mwaka huohuo akaunda huduma rasmi ya katekista. Kwa katekista wa Eastlands, anayefundisha wakatekumeni jioni baada ya vibarua vya mchana, cheo kinachotolewa na askofu ni heshima ya kweli. Hakijagusa posho yake, wala swali la nani atamtunza akizeeka.

Basi kinabaki nini kwa padre? Ekaristi, maungamo, na kazi ya kuwaunganisha watu ambao bila yeye wangekuwa vikundi mia vya sala. Sidhani hicho ni kidogo. Fritz Lobinger, Mjerumani aliyekuwa askofu wa Aliwal North nchini Afrika Kusini na mmoja wa waliofanya kazi Lumko, alikwenda mbali zaidi: alipendekeza wazee waliothibitishwa na jumuiya zao wapewe daraja wakiwa kundi, wakibaki na familia na kazi zao, huku mapadre wa seminari wakiwa walezi wao. Fransisko alilitaja wazo hilo mwaka wa 2019 akirudi kutoka Panama, kwa tahadhari. Eastlands ina wazee wa namna hiyo, hasa akina mama wa namna hiyo, na hapo ndipo wazo la Lobinger linapogonga ukuta, kwani daraja hilo ni la wanaume. Ningetaka kwanza kuona jumuiya ikifundishwa kuacha daftari kabla haijapewa mafuta matakatifu. Vinginevyo tutaongeza makleri na kubaki na ukleri.

Sinodi iliyomaliza kazi yake Roma Oktoba 2024 imeweka hadhi ya ubatizo kuwa msingi wa yote, na imeomba mabaraza ya kichungaji yawe ya lazima na viongozi watoe hesabu kwa watu wao. Utekelezaji unaendelea hadi mkutano mkuu wa Kanisa uliopangwa Oktoba 2028. Kuna sehemu ya ombi hilo isiyohitaji kungoja 2028. Aya ya pili ya Kanuni ya 1287 inawaagiza wasimamizi wa mali ya Kanisa kuwapa waumini hesabu ya vile walivyovitoa, na imekuwamo kitabuni tangu 1983. Mwenyekiti wa jumuiya ya Kayole anayejua nani hajalipa mchango wa mnara anaweza, kwa kanuni hiyo, kusimama Jumapili wakati wa matangazo na kuuliza mnara umegharimu kiasi gani.